Kabla Hujabeba Maboksi ya Pedi Kupeleka Shuleni

Kila Mei ikikaribia kwisha, simu zangu huwa nyingi. Tarehe 28 ni Siku ya Hedhi Duniani, na vikundi vya akina mama, wafanyakazi wa maofisini na vijana wa vyuo wote wanatafuta shule ya kupeleka taulo za kike. "Mwalimu, tumeshachanga. Tulete maboksi mangapi?" Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari ya kata mkoani Singida, kazi niliyoifanya miaka mingi, na jibu langu halibadiliki: karibuni sana, ila kabla hamjanunua chochote njooni mwone vyoo.

Mlango usio na komeo kwa ndani humfanya msichana akae na pedi moja tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Anaogopa kusukumiwa mlango. Mwongozo wa wizara unataka tundu moja kwa wasichana 20, na shule nyingi hazijafika huko, kwa hiyo mapumziko ya saa nne yanaisha bado yuko kwenye foleni. Akifanikiwa kuingia, maji hakuna, na pedi iliyotumika hajui aiweke wapi. Akiitupa shimoni, shimo linajaa upesi. Akiificha kwenye begi, anahisi darasa zima linanusa. Wengine wanaogopa kuitupa popote wakihofia itaokotwa na mtu mbaya aifanyie ushirikina. Usiwacheke, hofu hiyo wameikuta nyumbani.

Basi mchango wa kwanza uende kwenye komeo, ndoo ya maji yenye mfuniko na kopo lake, sabuni, na pipa la taka lenye mfuniko humo humo chooni. Pipa hilo lipangiwe mtu mzima wa kulibeba na kuchoma taka zake. Ukiwaachia wasichana wenyewe walibebe kupita katikati ya uwanja, halitabebwa.

Tukija kwenye pedi zenyewe, hesabu ni ya darasa la tatu. Siku tano, kubadilisha mara nne kwa siku, ni vipande 20. Pakiti ya vipande 8 inakwisha siku ya pili. Anayegawa pakiti moja moja, akapiga picha na kuondoka, amemsitiri mtoto siku mbili za mwezi mmoja. Ni heri kuchagua wasichana wachache mkawahudumia mwaka mzima kuliko kuwagawia shule nzima mara moja. Najua ushauri huu haupendezi kwenye picha.

Kuhusu kodi, mwaka 2018 Tanzania iliondoa VAT kwenye taulo za kike, kisha 2019 ikairudisha kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Kenya waliiondoa tangu 2004, na mwaka 2017 wakaandika kwenye sheria kwamba msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe sodo bure. Naunga mkono iondolewe. Ila kijijini kwetu mwenye duka hununua kwa mwenye duka wa wilayani, naye kanunua kwa mwingine, na punguzo huliwa njiani.

Ndiyo maana napenda pedi za kufua. Tunazishona wenyewe na fundi cherehani wa jirani: flana laini ya pamba juu, matabaka mawili matatu ya taulo kuukuu katikati, na chini kitambaa kisichopitisha maji. Kitambaa cha mwamvuli uliovunjika kinafaa kabisa. Pembeni zina mabawa yenye vifungo vya kubana, zisihame mtoto anapotembea. Damu ilowekwe kwenye maji ya baridi kwanza, maana maji ya moto hugandisha doa, halafu sabuni, halafu jua. Hapo kwenye jua ndipo kwenye kazi. Wasichana huzianika chini ya kanga au kuzisukumia chini ya godoro zisionekane, na kitambaa kinachovaliwa kibichi huleta muwasho na harufu. Bwenini tulifunga kamba nyuma ya jengo, upande wa jua, tukazungushia uzio wa nyasi. Nyumbani mama anaweza kufanya vivyo hivyo uani. Kikombe cha hedhi, kile kikombe laini kinachovaliwa ndani kukinga damu, nacho ni kizuri na hudumu miaka, lakini kinahitaji maji safi, mahali pa kukichemshia na mzazi aliyeelewa. Nisingekigawa kwa watoto wa sekondari bila kukaa na mama zao kwanza.

Maumivu yasipuuzwe kwa kusema "ni chango tu, vumilia". Ibuprofen ikimezwa mapema, tumbo linapoanza tu na mtoto akiwa amekula, huwasaidia wengi kubaki darasani. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza zahanati. Anayelowesha pedi nzima ndani ya saa moja au mbili, anayetoka damu zaidi ya siku saba, au anayepata kizunguzungu kila mwezi, huyo mpelekeni hospitali.

Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja aliniuliza, "Mwalimu, haya si mambo ya mama yao?" Nikamjibu, "Sawa mzee wangu, na hela ya matumizi nyumbani anaishika nani?" Wakacheka, lakini tangu siku hiyo naongea na akina baba moja kwa moja: pedi iingie kwenye orodha ya sabuni na chumvi. Wavulana nao wafundishwe pamoja na wenzao. Ukiona msichana amefunga sweta kiunoni saa sita mchana na jua la Singida linawaka, usimwite mbele ya wenzake. Mtume kitu ofisini, umfuate huko.

Jambo la mwisho ni funguo na likizo. Kabati la pedi liwe na walimu wawili wa kike wenye funguo, kwa sababu mmoja akienda semina watoto wanakosa. Na pedi za likizo ya Juni na Desemba wagawieni wiki ya mitihani. Siku ya kufunga shule wanaokaa mbali hupanda basi la alfajiri, na saa hizo kabati bado limefungwa.