Hela ya TASAF inapotelea kwenye taarifa, sio kwenye malipo

Bi mkubwa wangu, yaani mama, ni mlengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, huko Chamwino, Dodoma, na mimi ndo nashughulika na karatasi zake na simu yake, kwa hiyo majirani nao wakikatwa hela wananipigia mimi kama vile mi ndo mhasibu wa halmashauri. Kwetu mambo haya ni ya zamani kidogo, Chamwino ilikuwa kwenye majaribio pamoja na Bagamoyo na Kibaha kabla mpango wa kunusuru kaya maskini haujazinduliwa mwaka 2012, na kuna watu walizikataa kabisa wakidai ni hela za freemason, wengine leo ndo wanauliza majina yanaandikwa lini.

Sasa ishu iko hivi. Hela ikija pungufu mtu wa kwanza kulaumiwa ni mwenyekiti wa kijiji au kamati ya TASAF ya kijiji, "wametula". Inawezekana, sikatai. Lakini kwa niliyoyaona, mara nyingi hela imeshakatwa huko nyuma kwenye fomu wiki nyingi kabla ya malipo na wewe huna habari. Ruzuku ina sehemu inayofuata masharti, mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo na mdogo apelekwe kliniki, halafu mwalimu na nesi wanajaza mahudhurio. Sasa mtoto kamaliza la saba, kaenda kidato cha kwanza kata nyingine, nyumbani hakuna aliyemwambia mtu wa kamati abadilishe, fomu inaenda shule ya zamani, mwalimu anaandika hayupo, maana kweli hayupo! Mtoto anasoma vizuri tu na nyie mnakatwa. Kwa hiyo mtoto akihama shule, akizaliwa mwingine, mtu akifariki, nenda ukaseme siku hizohizo na uhakikishe imeandikwa mbele yako, usisubiri siku ya malipo maana siku hiyo kuna foleni na kelele na hakuna atakayekusikiliza.

Halafu laini ya simu. Malipo ya simu yamepunguza kutembea na kukaa juani, ila nimeona mabibi wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu aliye Dar, mjukuu akiirenew kwenye simu nyingine hela inaingia kwake. Laini isajiliwe kwa kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mwakilishi wa kaya mwenyewe, na namba ya siri asiijue wakala. Kuna wakala mmoja jirani na sisi alikuwa anawatolea wazee kwa kuwashikia simu, anawapa elfu chache anasema "makato yamepanda mama". Tulikuja kujua baada ya bi mkubwa kusomewa meseji na mtoto wa darasa la tano. Sasa hivi sheria nyumbani ni meseji kwanza isomwe kwa sauti, ndo simu iende kwa wakala.

Kwenye ajira za muda za TASAF, kama nyumbani kuna mwenye nguvu usidharau. Ni siku 60 kwa mwaka, zamani walikuwa wanalipa 2,300 kwa siku baadaye ikawa 3,000, ndogo ndiyo, lakini kwa kipindi ambacho shamba limekauka na hakuna kibarua inasaidia sana. Kazi ni malambo, barabara za kijiji, kupanda miti. Cha kuangalia hapo ni daftari la mahudhurio, kila siku kabla hujaondoka hakikisha jina lako limetikiwa, na wewe uwe na kadaftari kako nyumbani uandike tarehe, maana ukienda kulalamika "nilifanya kazi siku nyingi" utarudi mikono mitupu, ukienda na tarehe watafungua vitabu.

Matumizi sitasema sana, kila mtu anajua shida za kwake, na mwenye njaa humwambii aweke akiba. Ila wengi wananunua kuku na wengi kuku wanakufa wote kwa mdondo kiangazi, halafu wanasema wamelogwa. Chanja jamani! Ile chanjo ya matone, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, wakiwa bado wazima, usisubiri waugue. Chupa moja inatosha kuku wengi mno, kwa hiyo changeni mtaa mzima mchanje asubuhi moja kabla hamjawafungulia, bi mkubwa anamshika kuku kwapani mtoto anadondosha tone, basi, anayefuata. Kuku wakishatulia ndo uingie kikundi cha akiba, kile cha kisanduku chenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Hisa ya kila wiki inatoka kwenye mayai, sio kwenye ruzuku, ukitegemea ruzuku ikichelewa utaonekana msumbufu kwenye kikundi.

Ukikatwa na hujui sababu anza na kamati ya kijiji, ikishindikana mtendaji, halafu mratibu wa TASAF wa halmashauri. Nenda na kitambulisho cha mlengwa, meseji za malipo usizifute, na kama ni ya shule chukua barua ya mwalimu mkuu yenye mhuri kabisa kabla ya kupanda bodaboda, maana ndo kitu cha kwanza watakachokuomba.