Kwa nini seli T haimtambui adui mpaka ionyeshwe

Aliyeuliza anataka kujua kwa nini seli T, chembe nyeupe za damu zenye uwezo wa kuua seli zilizoambukizwa, zisubiri kuonyeshwa adui na seli nyingine badala ya kumtambua zenyewe. Jibu la kitabuni ni fupi: kipokezi cha seli T hakimwoni kirusi au bakteria mzima, bali kipande cha protini yake kilichokwisha kukatwa na kupachikwa kwenye molekuli za MHC, protini zinazobeba vipande hivyo juu ya uso wa seli nyingine. Makrofaji na seli B, nazo chembe za kinga, huifanya kazi hiyo ya kuonyesha pia, lakini seli za dendriti ndizo hodari zaidi wa kuiamsha seli T ambayo haijapata kukutana na antijeni yake, yaani kitu inachokitambua.

Mimi nililielewa jambo hili kwa kukosea. Nilikuwa nikikuza seli za dendriti maabara kutokana na monosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, kazi ya takriban siku 6 kwa kuzipa GM-CSF na IL-4, protini za kuashiriana kati ya seli. Chini ya hadubini huonekana zimeota vikono vyembamba. Mjerumani Paul Langerhans alipoziona za ngozini mwaka 1868 alidhani ni za mfumo wa neva, wala simshangai. Safari hiyo niliweka antijeni katika vishimo vyote vya sahani ya kukuzia seli, lakini nusu yake nikasahau kuvitia lipopolisakaridi, molekuli ya utando wa nje wa bakteria ambayo huzishtua seli hizo zikapevuka. Siku ya 5 baada ya kuzichanganya na seli T, vishimo vilivyoipata vilijaa vishada vya seli zilizokuwa zikigawanyika, ilhali katika vile nilivyovisahau seli zilikaa mojamoja, zimetawanyika.

Antijeni ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni ishara ya pili. Seli ya dendriti iliyogutushwa na dalili za vimelea huongeza CD80 na CD86, protini zinazoipa seli T ishara hiyo, juu ya uso wake, hupunguza kumeza, kisha mwilini husafiri hadi kwenye tezi za limfu ziliko seli T. Ikionyesha antijeni bila ishara hiyo, seli T huweza kupooza na kukataa kuitikia hata baadaye. Huo si upungufu, kwa maana vipande vingi vinavyoonyeshwa kila siku ni vya protini zetu wenyewe. Ndiyo sababu pia chanjo nyingi za protini iliyosafishwa huchanganywa na kichocheo, kama vile chumvi za alumini: protini peke yake haizigutushi seli za dendriti vya kutosha.