Wadogo zangu, kufupisha hadithi sio kudesa

Juzi kuna dogo wa kidato cha pili kanitumia meseji, "Bro tumepewa Treasure Island tufupishe ukurasa mmoja, nifupishie basi." Nimemwambia hapana, na kwa kuwa meseji za hivi zinakuja kila siku naandika hapa kwa wote.

Mimi kufupisha kulinitoa machozi. Shuleni (jina naliacha) ticha alitupa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, enzi za mkoloni. Nyumbani Mbagala kelele tupu, so Jumamosi napanda daladala mpaka Posta naenda kujichimbia Maktaba Kuu pale Bibi Titi, nasoma, narudia. Mwanzo kilinichosha, wajumbe sita wanatumwa pande sita, kila mmoja anarudi na mawazo mazuri halafu anaishia kufungwa, nikawa najiuliza huyu mzee mbona anarudia kitu kilekile? Kumbe ndo hadithi yenyewe! Karama, mhusika mkuu, kashtakiwa na waziri Majivuno, yuko mbele ya mfalme anajitetea, na kila mjumbe anayemtaja ni ushahidi kwamba nchi ile ya Kusadikika inawaadhibu wanaoitakia mema. Nikaandika hivyo, wajumbe wote sita nikawamaliza kwa sentensi mbili. Ticha akaisoma mbele ya darasa, akasema "hii umedesa", akanipa sifuri. Darasa zima likacheka. Mpaka leo inaniuma, maana kila neno lilikuwa langu. Ila mtihani wa taifa Kiswahili nilipata A, na sasa hivi wazazi wananiletea watoto wao tuisheni.

Sasa hicho Treasure Island, kitabu cha Stevenson cha 1883, ambacho hata kwa Kiswahili kipo, Kisiwa Chenye Hazina, usianze kunihesabia mapigano. Jiulize Jim, yule kijana anayesafiri na meli kutafuta hazina, anataka nini, nani anamzuia, mambo yanageukia wapi. Jim yuko ndani ya pipa la matufaa anamsikia Silver, mpishi wa meli, akipanga uasi, hapo pamegeuka, ukiparuka kila kinachofuata hakieleweki. Halafu Ben Gunn, aliyetelekezwa kisiwani miaka mitatu, keshaifukua hazina na kuihamishia pangoni kwake, usipomtaja msomaji wako ataelewaje maharamia kukuta shimo tupu? Mandhari na mabishano ya mabaharia, sentensi moja inatosha.

Na msome wenyewe jamani. Mnashinda na simu mnatafuta vifupisho vya watu halafu mtihani ukiuliza "kwa nini" mnabaki kutoa macho, kwa sababu madesa yanakupa nini kilitokea, hayakupi kwa nini. Soma, funga kitabu, andika bila kuchungulia. Ukikwama fungua, soma tena, funga.

Ukimaliza msimulie mtu ambaye hajakisoma. Mimi nilikuwa namsimulia mama akiwa anakaanga maandazi, akisema "eeh, ikawaje?" najua niko sawa, akisema "sasa huyu katokea wapi?" najua kuna kitu nimekiruka, narudi kukitafuta.