Ukipulizishwa Alcoblow, Usikimbilie Pochi

Msomaji ameniandikia kwamba nduguye alipulizishwa Alcoblow, kile kifaa cha polisi wa Kenya cha kupima pombe kwenye pumzi, pale Thika Road, ikaonyesha ana pombe, akatoa kitu kidogo na kuachiliwa. Anauliza kama alifanya vyema. La, hakufanya vyema, na nasema hivyo kwa sababu yalinikuta mimi pia.

Nilikuwa natoka kazini usiku, kifua kimebana. Karibu na kizuizi nikameza dawa ya kikohozi, zile zenye alkoholi. Afande akanisogezea kile kifaa cha mkononi dirishani. "Puliza mpaka nikwambie basi." Nikapuliza. "Mzee umechapa!" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi, nisiyegusa hata bia! Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Nikamweleza kwamba nimemeza dawa, naomba robo saa nipulize tena. "Kumbe wewe ni wakili?" Kisha kwa sauti ya chini: "Tumalizane hapa hapa." Nikamwambia afadhali twende kituoni. Huko wakatoa mashine yenye kuonyesha namba, mrija mpya ukafunguliwa mbele yangu. Nikapuliza. Sifuri. Afande akawa ghafla ana shughuli na redio yake. Karatasi ya matokeo hayo ninayo kwenye gari, na humwonyesha yeyote anayetaka kuiona na hata asiyetaka.

Siri si kubwa. Alkoholi iliyobaki mdomoni huisha kwa takriban dakika 15. Iliyo kwenye damu hupandia mapafuni na kutoka na kila pumzi, na haiishi kwa robo saa. Kanuni za Kenya za 2011 za kupima madereva ziliweka mwisho mikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi. Kwa hiyo vijana wangu, mnaotafuna mint na kugugumia kahawa pale Westlands, Nairobi, mkidhani mtaikwepa Alcoblow, mnajidanganya. Mint haifiki mapafuni. Ukinywa, acha gari, panda teksi. Nimesema na nitasema tena: ukinywa, panda teksi.

Na usikatae kupuliza, maana kukataa bila sababu ni kosa lingine. Ukishikwa, Katiba kifungu cha 49 inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, saa za korti zikiruhusu. Dhamana pia ni haki yako, si hisani ya afande.

Nduguyo mwambie hivi: siku nyingine aombe kuona namba yenyewe kabla ya kutia sahihi popote. Ikizidi 35, atafute wakili, na ufunguo wa gari akupe wewe.