Kapsuli za kusafisha ini: mkojo umekuwa kama chai ya rangi, niendelee?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 46 naishi Nkuhungu hapahapa Dodoma. Miezi miwili iliyopita nilipiga altrasaundi wakaniambia ini lina mafuta, nipunguze mwili. Sasa kwenye kikoba chetu kuna dada anauza kapsuli za binzari ya manjano za kusafisha ini, kopo elfu 45, moja nimemaliza niko la pili, na asubuhi nakunywa unga wa mlonge. Wiki hii nachoka sana, chakula sikitamani na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Dada anasema ndo sumu zinatoka nisiogope. Ni kweli? Mbona dawa ya asili haina madhara?

JIBU: Marahaba, ingawa nahisi tunalingana. Mama, hizo kapsuli acha leo, sio ukimaliza kopo, na huo unga pia usimamishe kwanza.

Mkojo wa hivyo sio sumu zinatoka. Kuna kitu kinaitwa bilirubini, ini hukitoa kupitia nyongo na ndo hukipa choo rangi yake, sasa ini likizidiwa kinabaki kwenye damu halafu kinatafuta njia ya figo, hapo ndo unaona chai ya rangi. Kwahiyo kesho asubuhi nenda hospitali, beba makopo yote mawili hata lile tupu, na huo unga wa mlonge pia, wala usione aibu kuutaja maana wagonjwa wengi huficha vitu vya asili halafu daktari anabaki anahangaika na malaria. Omba vipimo vya utendaji wa ini (ALT, AST na bilirubini) pamoja na homa ya ini B na C. Chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga wetu ilianza 2002, sie wakubwa wengi hatukuipata, kwahiyo inawezekana kabisa shida sio kopo. Ila macho yakiwa ya njano, au unatapika, au ukaanza kuchanganyikiwa, usisubiri asubuhi.

Najua utaniambia manjano si tunaweka kwenye pilau kila sikukuu. Ndiyo, na endelea kuweka. Mwili wenyewe hufyonza manjano kidogo sana, nyingi inapita tu, sasa wenye makopo wakaongeza kiini cha pilipili manga kinaitwa piperini ili iingie kwenye damu kwa wingi, na hapo ndo kijiko cha jikoni na kapsuli vinaachana kabisa. Huko Italia watu walipata homa ya ini baada ya kutumia vidonge vya namna hiyo, mpaka 2022 wizara yao ya afya ikakataza kuandika kwenye kopo kwamba vinasaidia ini. Angalia lako kama limeandikwa piperine. Na kiini cha chai ya kijani cha kupunguza unene nacho ni hivyohivyo, kikombe hakina neno ila vidonge vyenye dozi kubwa vimeshaumiza maini ya watu.

Kuhusu asili, sie watu wa Dodoma tusidanganyane jamani. Sumukuvu kwenye mahindi ni ya asili kabisa, na 2016 iliua watu 20 huku kwetu na Manyara, na ilipiga palepale kwenye ini.

Kuna mama aliniletea kopo la "liver detox", maandishi ya dhahabu yanameremeta, namba ya toleo hakuna, tarehe ya kuisha imebandikwa stika. Nikaibandua kwa ukucha, chini yake kuna mwaka mwingine uliopita zamani. Dawa ya asili iliyosajiliwa inatakiwa iwe imepita kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, muulize dada cheti akuonyeshe, akianza hadithi za shuhuda za wateja ujue hana. Mlonge ukiupika kama mboga sina ugomvi nao, ila unga wa mfukoni sijui kautwanga nani na kachanganya nini. Na kama kuna mtu hapo nyumbani yuko kwenye dozi ya TB, asiguse kabisa, zile dawa zenyewe tayari zinalibana ini.

Mafuta kwenye ini kweli yanapungua, ila kwa kupunguza mwili. Ukiwa na kilo 80, kushusha kilo 6 hadi 8 taratibu kunatosha kuonekana kwenye vipimo, anza na soda, chai ya sukari vijiko vitatu, na ugali ule wa mlima usiku. Hiyo elfu 45 ya kopo la tatu lipia vipimo. Majibu yakitoka tuandikie, uweke na namba ya ALT.