Mkandarasi anataka nimhamishie fidia ya bima yangu

SWALI: Ninaishi Tampa, katika jimbo la Florida. Dhoruba iliezua sehemu ya paa la nyumba yangu, na mkandarasi aliyekuja kulikagua ameniletea karatasi ya kutia sahihi ili yeye ndiye adai na kupokea fidia kutoka kampuni ya bima. Bima hiyo niliikata upya Machi 2024. Je, nitie sahihi?

JIBU: Usitie. Kwa sheria iliyopitishwa na bunge la Florida mnamo Desemba 2022, mwenye bima ya nyumba au ya jengo la biashara iliyotolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2023 hawezi kumhamishia mtu mwingine haki ya fidia, yote au sehemu yake, baada ya hasara kutokea, na hati yoyote ya kufanya hivyo ni batili. Kinachotazamwa ni tarehe ya kutolewa kwa bima, nayo yako imo ndani ya katazo hilo.

Huenda mkandarasi wako amezoea mambo ya zamani. Mahakama nyingi za Marekani, zikiwemo za Florida, zilikubali uhamisho wa namna hiyo hata pale mkataba wa bima ulipoukataza, kwa hoja kwamba hasara ikishatokea, fidia ni deni kama madeni mengine. Mwenye nyumba alipata nafuu ya kutohangaika na kampuni, lakini baadhi ya wakandarasi walikuza gharama na kukimbilia mahakamani, wakijua kwamba wakishinda, kampuni ndiyo itakayolipa mawakili wao. Mwaka 2019 bunge lilijaribu kuwadhibiti kwa kuwataka watoe makadirio ya gharama yaliyochanganuliwa na kumpa mwenye nyumba siku 14 za kujitoa katika uhamisho huo. Miaka mitatu baadaye likaona heri kufunga mlango kabisa. Kwa maoni yangu, mzigo umemrudia mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ndiye asiyejua taratibu za madai.

Katazo halimgusi anayenunua nyumba iliyokwisha kuharibika, wala ndugu uliyempa hati ya uwakili ashughulikie madai kwa niaba yako. Mkandarasi si mmoja wao.

Iarifu kampuni wewe mwenyewe mapema, kwa kuwa sheria hiyohiyo inakupa mwaka mmoja tu tangu siku ya hasara. Mkandarasi unaweza kumwajiri kwa mkataba wa kawaida wa kazi, mradi usiwe na kifungu kinachompa haki yako ya kudai.