Maswali yenu: Shakespeare alipofika Bombay

Wiki iliyopita niliandika mstari mmoja tu kwamba wasomaji wa Bara Hindi waliwapokea watunzi wa Kiingereza kwa namna yao. Simu yangu haijapumzika tangu hapo. Nimeokota maswali haya.

Rafiki yangu Mhindi anasema kwao King Lear huisha vizuri. Ananitania? (Msomaji, Tanga)

Hakutanii. Kwa Shakespeare, Lear, mfalme wa Uingereza ya kale, hugeukwa na mabinti zake wakubwa, na mwisho yeye na binti yake mdogo hufa. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, Agha Hashr Kashmiri, mtunzi wa tamthilia za Kiurdu, aliichukua King Lear akaifanya Safed Khoon, na kwake kisa kinaisha kwa heri. Jina hilo maana yake ni "damu nyeupe". Kwa Kiurdu, mtu akiambiwa damu yake imekuwa nyeupe, ina maana hana tena uchungu na ndugu zake. Kwa hiyo kabla pazia halijafunguliwa mtazamaji alishaonja kisa chenyewe: watoto watamgeuka mzazi wao. Hakuwa na haja ya kufundishwa Uingereza ya kale ilikuwaje.

Huo ulikuwa ulimwengu wa makampuni ya maigizo ya Waparsi wa Bombay, Wahindi wenye asili ya Uajemi, jamaa wa wale Waparsi waliowahi kuishi Unguja. Yalizunguka mji hadi mji, na yaliishi kwa tiketi. Aliyetoa pesa yake alitaka nyimbo, alitaka kucheka katikati ya kilio, na alitaka arudi nyumbani roho imetulia. Shakespeare akapewa nyimbo.

Wapo wanaokunja uso wakisikia hivyo. Mimi siwezi, kwa sababu mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya King Lear hukohuko Uingereza: Lear akarudishiwa ufalme, binti mdogo akapata mume, na toleo hilo likashika majukwaa ya London kwa zaidi ya miaka 150. Anayetaka kuicheka Bombay aanze na London.

Si walilazimishwa tu na mkoloni? (Mwalimu wa historia, Iringa)

Kwa sehemu, mwalimu. Februari 1835 Thomas Macaulay, ofisa wa serikali ya Waingereza huko India, aliandika waraka wake maarufu kuhusu elimu, akidai kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya inashinda fasihi yote ya India na Uarabuni. Katika waraka huohuo anakiri kwamba hajui Kisanskriti wala Kiarabu. Kila nikifika hapo huweka karatasi chini kwanza.

Lakini Hindu College ya Calcutta ilifunguliwa mwaka 1817, miaka 18 kabla ya waraka huo, na matajiri wa Kibengali wenyewe walikuwa mstari wa mbele kuianzisha. Kiingereza kilikuwa mlango wa ajira, na baba yeyote mwenye akili alitaka mwanawe apite. Matokeo yake ni kichekesho: vijana wa Calcutta walikuwa wakitahiniwa Shakespeare na mshairi Milton miongo mingi kabla Oxford haijaanzisha shahada ya fasihi ya Kiingereza, mwaka 1894.

Mtunzi gani wa Kiingereza alipendwa kuliko wote? Dickens? (Kwa ujumbe mfupi, hakutaja mji)

Ukienda kwa waliyofundishwa, Shakespeare. Ukienda kwa waliyoyasoma chini ya dawati, mwone G. W. M. Reynolds, mwandishi wa London aliyetoa hadithi za mfululizo kwa bei ya senti, zimejaa wauaji, mabwanyenye waovu na wasichana walioponzwa. Walimu hawakutaka hata kumsikia. Wasomaji wa India katika karne ya 19 walimng'ang'ania kwa Kiingereza, na akatafsiriwa katika lugha zao kadhaa. Kwao Uingereza siku hizi ni wachache wanaolikumbuka jina lake.

Natafsiri riwaya ya Kiingereza, nimekwama sura ya tatu. Nifanye nini? (Mwanafunzi, Eldoret)

Nikupe kisa cha O. Chandu Menon, hakimu wa Malabar, kusini mwa India. Alikuwa mlevi wa riwaya za Kiingereza, na nyumbani watu walilalamika kwamba vitabu vimewanyang'anya mtu wao. Akaanza kuwasimulia kwa Kimalayalam yale anayosoma. Riwaya moja ya Disraeli, mwanasiasa na mwandishi Mwingereza, ikamnogea mkewe hasa, akaomba iandikwe yote.

Menon akajaribu, ikamshinda. Barazani alipokwama aliweza kusimama, kueleza desturi fulani ya Wazungu, kisha akaendelea. Kwenye karatasi maelezo hayo yaliiua hadithi. Akaitupa tafsiri, akaandika riwaya yake kwa miezi miwili hivi: Indulekha, ya mwaka 1889. Ni ya msichana wa Kinayar, moja ya jamii za Malabar, aliyesoma Kiingereza, anayejibizana na Mnambudiri (mtu wa tabaka la juu la makuhani wa huko) mmoja tajiri, mpenda wanawake, aliyekuja kumposa na mavazi ya kung'aa mwili mzima. Leo inahesabiwa miongoni mwa riwaya za kwanza kabisa za Kimalayalam.

Sikuambii uache tafsiri. Nakuuliza tu: hiyo sura ya tatu, ungekuwa unaisimulia kwa mdomo, ungesema nini?

Kwa nini Wapakistani na Wahindi wanampenda Jane Austen? Vitabu vyake ni harusi tu! (Dada, Mombasa)

Dada, harusi tu? Pride and Prejudice ina mabinti watano na nyumba itakayorithiwa na binamu kwa kuwa hakuna mtoto wa kiume. Msomaji wa Lahore haulizi kwa nini mama yao hapati usingizi. Pakistan kuna hadi chama cha wapenzi wa Austen, na mwaka 2017 wanachama wake walitoa hadithi zao wenyewe, Austenistan. Watamil nao walikwishaifanya Sense and Sensibility filamu, mwaka 2000.

Sisi ndio tunaopata shida. Kwetu mahari hutoka kwa mwanamume. Kwa Austen binti ndiye anayeingia na fedha, kama ilivyo jahez ya Bara Hindi. Msomaji wa Mombasa akikutana na bwana "anayetafuta msichana mwenye pauni elfu kumi" hudhani kuna kosa la uchapaji. Wa Lahore anafungua ukurasa unaofuata.

Na Nyerere alifanya kama wao? (Wasomaji watatu, swali moja)

Karibu kinyume. Julius Caesar yake ya 1963 inamfuata Shakespeare hatua kwa hatua, hata kuviacha vina, jambo ambalo washairi wetu hawakulizoea. Mshairi Michael Madhusudan Dutt alifanya kitu cha namna hiyo kwa Kibengali mwaka 1861, akimfuata Milton, ila yeye alichukua kisa cha Ramayana, utenzi wa kale wa Wahindi, na kumwonea huruma mwana wa Ravana, adui wa Rama, shujaa wa utenzi huo.

Hata hivyo mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare unaohusu mfanyabiashara wa Venisi. Mfanyabiashara huyo ni mmoja. Jaladani Mwalimu ameandika Mabepari wa Venisi.